Mwalimu wa Jiografia na Walatino

Mtaani kwetu, ukiletewa posa ya binti yako, mtu wa kwanza kumwendea alikuwa Mwalimu wa Jiografia. Alifundisha shule za kisiwani Mombasa kwa miaka mingi, akastaafu, na nadhani kazi ya kuchunguza wachumba aliipata kwa sababu nusu yao alikuwa amewasahihishia madaftari. Ulimpa jina la kijana na mtaa anaokaa. Yeye alichukua mwavuli wake, mvua iwepo isiwepo, akaenda zake, na baada ya siku tatu nne alirudi na jibu.

Alikuwa na kanuni moja tu. Mashahidi watatu: jirani wa mlango kwa mlango, mwenye duka anakonunua vitu vyake, na mtu mmoja aliyewahi kugombana naye. Huyo wa tatu ndiye aliyemthamini zaidi. "Rafiki atakupamba," alikuwa akisema, "lakini mgomvi wako akikosa la kusema, basi weye mtu." Habari za kusikia alizikataa katakata. Ukimwambia watu wanasema kijana yule mlevi, alikuuliza watu gani, wataje niwaendee. Ukimjibu kwamba lisemwalo lipo, alikutoa nje. Kuna harusi moja ya Kibokoni ilikaribia kuvunjika kwa uvumi wa namna hiyo. Mwalimu akatembea juani mpaka Majengo, akagundua kwamba kijana aliyeonekana akipepesuka alikuwa na ugonjwa wa sikio. Leo wana watoto watano na bwana bado hukosa ngazi mara mojamoja.

Mimi ni fundi wa televisheni na madishi, na kibanda changu kiko kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Mwalimu alinifundisha, na hakuwahi kunisamehe kwa kuuweka mto Naili Brazili katika mtihani. Kila nilipopingana naye, hata kwa habari ya bei ya nyanya, aliniangalia kwa huruma na kusema, "Fundi, weye na Naili yako."

Alitembea na chaki mfukoni mwa kanzu. Ukimuuliza habari ya nchi yoyote duniani alikuchorea sakafuni palepale, na wenye nyumba walikuwa wakimsubiri aondoke ndipo wafute. Mtu huyu aliyejua mito yote ya Amerika kwa majina alikuwa akiiogopa feri ya Likoni kama mtoto anavyoogopa sindano. Akiwa na mchumba wa kumchunguza ng'ambo ya pili, alisimama katikati kabisa ya feri, mgongo ameuegemeza kwenye lori la mtu, akisoma aya, wala maji hakuyatazama. Nilimcheka siku moja. Akaniambia, "Wasiojua kina cha pale ndio wanaosimama kando."

Mkewe alikuwa amefariki, na mtoto wake mmoja tu, Rukia, alikuwa muuguzi Marekani, jimbo la Texas. Rukia alimfundisha kutuma ujumbe wa sauti. Mwalimu akautuma kama barua. Alisimama wima, akasafisha koo, akaanza: "Kwa binti yangu mpenzi Rukia. Ama baada ya salamu nyingi..." Na mwisho alitaja tarehe na kusema, "Ni mimi baba yako," kana kwamba Rukia angedhani ni baba wa mwingine.

Dishi nilimfungia mimi. Nalikiri kosa hilo kabla hajalisema mtu mwingine. Alitaka kuona hali ya hewa ya kule aliko Rukia, ajue kama mtoto yuko kwenye baridi au joto. Nikamtafutia stesheni za habari za Marekani, na katika hizo akaipenda moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa na mtangazaji mmoja mwenye tai ya buluu, uso ameukunja kama aliyeuma ndimu. Na mtangazaji huyu, siku nenda siku rudi, alikuwa na wimbo mmoja: Walatino. Yaani watu wa Meksiko, Guatemala, Hondurasi na nchi za kule kusini yao waliohamia Marekani. Walikuwa wanavamia. Walikuwa wezi, wauaji, wana maradhi, wanapora kazi za watu. Hapakuwa na baya lililotokea Marekani ambalo Mlatino hakulitia mkono.

Sasa, mtu aliyekataa kumwita kijana wa Majengo mlevi mpaka aulize watu watatu, huyu mwenye tai alimwamini kwa neno moja. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Hukuiona ramani nyuma yake?" Kwa Mwalimu wa Jiografia, mtu anayesema mbele ya ramani hawezi kusema uongo.

Akafungua daftari. Kila siku baada ya Adhuhuri stesheni ile ilionyesha watu wakipanda ukuta wa mpakani, na yeye akiwahesabu kwa vijistari. Mimi kazi yangu ni kutazama picha nikitafuta kasoro, kwa hiyo siku ya pili tu niliona. Ilikuwa picha ileile. Alikuwa bwana mmoja wa shati jekundu, na kila akifika juu ya ukuta kiatu chake cha kushoto kilianguka. Nikamwambia, "Mwalimu, huyu ni mtu mmoja. Wamrudia huyohuyo." Akaniambia niendelee kuamini Naili iko Brazili. Mwezi ulipokwisha alikuwa na zaidi ya wavamizi mia mbili, wote wa kiatu kimoja.

Kama angeishia hapo, lingekuwa jambo la mtu na televisheni yake. Lakini Mwalimu hakuweza kujua kitu asikifundishe. Baada ya Alasiri wazee hukaa barazani karibu na muuza kahawa, na pale alikuwa akiwasomea habari za Marekani kwa Kiswahili kizuri kuliko Kiingereza cha yule mwenye tai. Aliziongezea chumvi ya mwalimu: alichora mpaka, akaweka mishale. Wengine wakamrekodi kwa simu, wakatumiana. Muda si muda, bibi mmoja wa mtaa wa pili alipopotelewa na mashuka aliyoyaanika, aliapa ni Walatino. Nilimwambia Mlatino wa karibu zaidi yuko ng'ambo ya bahari mbili. Akanijibu, "Wajuaje? Wale huingia popote."

Nilicheka sana siku hizo. Nilipokoma kucheka ni siku aliponijia Kahindi.

Kahindi ndiye anayetuletea maji kwa mkokoteni, madumu ishirini kwa safari, na vichochoro vyetu anavijua kuliko waliozaliwa humo. Ni mtu wa huko bara ya Kilifi, mpole, na amesukuma mkokoteni ule tangu sina mvi. Aliweka mkokoteni mbele ya kibanda changu, akavua kofia. "Fundi, samahani nikuulize. Mlatino ni mtu gani? Maana leo nimeitwa hivyo nyumba tatu. Mmoja ameniambia nyinyi Walatino wa bara mtatumaliza." Sikujua niweke uso wapi. Nilimwambia ni upuuzi wa televisheni. Akafikiri kidogo. "Mimi sina televisheni," akasema, akasukuma mkokoteni wake akaenda.

Nikamwendea Mwalimu kwa hasira nikamweleza. Akasema yeye hakumtaja Kahindi hata siku moja, na hilo lilikuwa kweli. Lakini barazani hakusema neno la kumtetea, na Kahindi akaanza kuishusha mizigo mlangoni mwa Mwalimu bila kubisha hodi. Mwisho akaacha kabisa kupita kichochoro kile.

Basi ndipo ilipoletwa posa ya Rukia.

Rukia alikuwa anakaribia miaka arubaini. Posa zake za zamani Mwalimu alikuwa amezichunguza mpaka zikafa zenyewe. Sasa ukaja ujumbe wa sauti, na kwa kuwa spika ya simu yake ilikuwa mbovu, alikuja kuusikiza kibandani kwangu. Tukausikia pamoja. Rukia alisema amepata mtu. Ni fundi wa mapaa. Amesilimu miaka minane iliyopita, kabla hawajajuana, na jina lake sasa ni Idrisa. Zamani aliitwa Ernesto. Kwao ni Hondurasi.

Nilimwona Mwalimu akiichora Hondurasi kichwani, na mishale yake yote.

"Baba," Rukia aliendelea, "weye ndiwe walii wangu. Sitaolewa bila ridhaa yako, siwezi. Lakini ukimkataa huyu, usinitafutie mwengine."

Mwalimu aliichukua simu, akasimama wima, akasafisha koo. Sauti haikutoka. Akaketi. "Mlatino," akaniambia, kama anayenieleza ugonjwa. Nikamwambia, "Mwalimu, mchumba ni mchumba. Mashahidi watatu." Akanitukana Naili yangu, akaondoka. Mwavuli wake ulibaki kibandani, na hilo halijawahi kutokea.

Kesho yake alikuja kuufuata. Aliushika, akausimamisha mbele yake kama anayengojea feri, akasema, "Mwambie Rukia atupe nambari tatu."

Tulipiga simu kibandani kwangu saa kumi alasiri, kule kwao asubuhi. Nilitia spika. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisema Idrisa akizidishiwa pakiti ya misumari huirudisha, na akipunjwa hurudi pia, na ni mzito wa kuongea. Mwalimu akaandika. Mgomvi alikuwa fundi mwenzake waliyevunja naye ushirika. Alikuwa bado ana hasira. "Mtu mkaidi," akasema. "Ijumaa saa saba anashuka kutoka juu ya paa aende kusali, hata mvua iwe imetanda, anatuacha na paa wazi!" Mwalimu aliandika hilo taratibu, akalipigia mstari mara mbili. Nilimwona akijizuia kutabasamu.

Jirani alikuwa bibi wa kizungu, makamo ya Mwalimu mwenyewe. Alifurahi kupigiwa. Mwalimu alimuuliza habari za Walatino kwa jumla, ili apate mwanzo, na bibi akafunguka kama bomba. Wavamizi, wezi, maradhi. Mwalimu akashtuka. "Hayo uliyasikia kwa nani?" Bibi akamtaja yule mwenye tai ya buluu. "Aa! Na mimi humtazama," Mwalimu akasema, na wakaanza kuzungumza kama watu waliosoma chuo kimoja. Robo saa. Niliona posa ya Rukia inazama mbele ya mato yangu.

Kisha akakumbuka kazi yake. "Na huyu jirani yako? Idrisa?"

"Huyo?" bibi akasema. "Huyo ndiye aliyeniezekea paa baada ya tufani. Kila Jumatatu ananitolea taka. Huyo simsemi. Nawasema wale."

"Wale gani?"

"Wale wa kwenye televisheni."

Hapo Mwalimu wa posa akaamka. Akamuuliza, kwa sauti ileile aliyotumia kwa watu wa Majengo, kama katika wale amewahi kukutana na mmoja. Awataje. Bibi akasema hajakutana nao, anamshukuru Mungu. Halafu akauliza, "Lakini wewe unapiga kutoka wapi? Una Kiingereza kizuri."

"Mombasa. Kenya."

"Afrika?"

"Afrika. Mwislamu, alhamdulillahi."

Kisha bibi akasema kwa upole, "Waonekana mtu mwema sana. Lakini na watu wako amewasema, yule bwana. Wiki iliyopita tu. Amesema mnataka kuja kutumaliza." Akaona vibaya. "Wewe sikusemi. Nawasema wale."

Mwalimu alimshukuru, akamwombea afya, akakata. Mkuki kwa nguruwe, nilijisemea moyoni, lakini mdomo niliufunga. Kwa mara ya kwanza sikutaka kumshinda. Alizitazama televisheni zangu zilizofunguliwa matumbo. Kisha akaniuliza, "Yule mtu wa ukutani. Kiatu cha mguu gani?"

"Cha kushoto, Mwalimu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akatikisa kichwa. Akaomba simu, akasimama wima, na safari hii sauti ilitoka. "Kwa binti yangu mpenzi Rukia. Ama baada ya salamu nyingi, nimeuliza watu watatu, na nimeridhia." Akasahau tarehe.

Mngedhani yamekwisha. Idrisa hakuweza kusafiri, maana makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa hayajakamilika na akitoka harudi. Kwa hiyo nikaha ingefungwa kule, Mwalimu awakilishe kwa simu, yaani ampe sheikh wa kule idhini ya kuozesha, na huku tule pilau ya walima. Mwalimu akatangaza barazani. Hakuna aliyeinua kichwa kwenye kikombe.

Muuza kahawa ndiye aliyesema. "Mwalimu, si weye uliyetusomesha watu hao ni watu gani? Sasa wamwoza binti?" Mwalimu akasema yale yalikuwa uongo. Mzee mmoja akatoa simu, akamchezea video yake mwenyewe, mishale na yote. "Uongo umekuwa uongo tangu lini? Tangu awe mkweo?" Na Mwalimu, ambaye nilidhani atapandisha mori, akajibu, "Naam. Tangu hapo. Na ni aibu yangu." Wakasema lisemwalo lipo. Hakuweza kumtoa mtu, baraza haikuwa yake.

Akachukua mwavuli, akapita nyumba kwa nyumba. Nilifuatana naye kwa siku mbili, na sijawahi kuona kazi ngumu namna ile. Alipiga hodi, akasalimu, akauliza hali za wagonjwa na wasafiri, kisha akasema, "Nilisema jambo nisilolijua. Nimekuja kulichukua." Wengine walimwonea haya wakamkaribisha chai. Wengine walimwambia maji yakimwagika hayazoleki. Bibi wa mashuka alikasirika kwelikweli. "Sasa nani aliyeiba mashuka yangu?" Mwalimu alimwambia hajui. "Basi bora uniachie Walatino," akasema bibi, "angalau nilikuwa nina mtu."

Nyumba ya mwisho haikuwa nyumba. Ilikuwa bomba la maji, Kahindi anapojazia madumu. Jumamosi ndiyo walima, na jikoni kwa Mwalimu hapakuwa na tone. Nilimwambia nitamtafuta msukuma mkokoteni mwingine. Akakataa.

Kahindi alimsalimu kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu," lakini mkono hakuutoa kwenye dumu. Mwalimu akasema maneno yake, nilisema nisilolijua, nimekuja kulichukua. Kahindi aliacha dumu lijae mpaka likamwagika.

"Nasikia mkweo wa Marekani umeuliza habari zake watu watatu," akasema.

"Naam."

"Mimi nimekuletea maji miaka kumi na saba. Habari zangu uliuliza nani?"

Mimi nilitazama miguu yangu. Mwalimu akasema, "Sikumuuliza mtu, Kahindi. Na walipokusema nilinyamaza. Nisamehe." Hakuongeza kitu, wala hakutaja maji. Tukarudi nyumbani kwa mguu, na nilikuwa na hakika pilau itapikwa kwa maji ya chupa.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na madumu ishirini mlangoni. Kahindi mwenyewe alikuwa amekaa barazani amevaa shati la kupigwa pasi, anangoja chakula kama mgeni mwingine yeyote. Watu walikuja pungufu ya nusu. Muuza kahawa alikuja na birika. Wakati wa nikaha laini ilikatika mara tatu, Mwalimu akawakilisha mara tano kwa kuhofia ile iliyoshika haikuhesabiwa. Kisha wakampa Idrisa azungumze. Alisema, "Shikamoo Baba," kwa ulimi mzito. Mwalimu akamwomba amtajie mito ya kwao. Akaitaja, Ulua na Patuka na mingine midogo, mmoja baada ya mwingine, na Mwalimu akimwitikia kama anayeitikia dua. Alipokata simu alikuwa analia wazi mbele ya watu, na hakujificha.

Wiki ile aliniita nilishushe lile dishi. Nilipanda darini nikalishusha kwa furaha yangu yote.

Mwezi uliopita akanipigia simu nilifunge tena. Nilidhani sikumsikia. Nikapanda ngazi zake nikiwa na ulimi mkali tayari. "Kwa yuleyule mwenye tai?" nikamuuliza. "Kwa yuleyule," akasema, "ndiye yuwaonyesha sana wanaokamatwa." Nikalifunga bila kumsemesha, nikashuka nikapanga stesheni. Akaniambia sauti niizime kabisa.

Kwenye kioo walikuwa wakionyesha watu wanaokamatwa, wanaume wamefungwa mikono, wamepangwa kando ya gari. Mwalimu alivaa miwani, akainuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mkononi alikuwa na simu yenye picha ya harusi ya Rukia. Alitazama uso mmoja, akatazama simu, akaenda uso wa pili.

"Idrisa hutoka alfajiri, na makaratasi bado," akasema bila kugeuka. "Akiwa juu ya paa simu haishiki. Rukia huniambia yu salama ifikapo usiku wetu. Mpaka hapo miye natazama hapa."

"Wamtafuta?"

"Natafuta nisimwone. Nikimaliza wote hayumo, ndipo hula."

Sahani yake ilikuwa mezani imefunikwa kawa. Ulimi wote niliokuja nao ulikuwa umeniisha. Akanionyesha kioo kwa kidole.

"Mato yangu hayafiki safu ya nyuma," akasema. "Ndoo hapa unitazamie."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu yake, nikaanza na wa kwanza kushoto.